Baiskeli ya Safari Ndefu: Kuichagua, Kuitengeneza na Kuitunza

Huenda umewahi kusimama pale Iten kwenye ukingo wa bonde, ukatazama Bonde la Kerio lilivyotandazwa huko chini kama jamvi. Ng'ambo unaona milima ya Tugen, na juu yake mji wa Kabarnet. Kutoka hapa kwetu Eldoret hadi Kabarnet ni kama kilomita 90 hivi. Kwa matatu unafika kabla hujamaliza kusinzia. Kwa baiskeli ni siku nzima, na kama baiskeli yenyewe haikutayarishwa, siku hiyo inaweza kuishia hospitali. Hili silisemi kwa kusikia. Niliona kwa macho yangu mwenyewe.

Ilikuwa likizo ya Desemba nikiwa kidato cha pili. Mimi na binamu yangu tuliamua kumpelekea kogo unga Kabarnet kwa baiskeli, ati tuokoe nauli. Yeye alichukua ile Black Mamba ya baba, mimi nikaazima ya jirani. Mfuko wa unga tuliufunga kwenye keria ya binamu. Hatukukagua chochote. Tulipiga pampu tukaenda zetu, huku tukicheka wanaongoja matatu. Tulipofika Iten manyunyu yakaanza. Tukaanza kuteremka kuelekea Tambach, na kwenye kona ya tatu au ya nne nikamwona binamu akinipita kama mshale, akipiga kelele, "Breki! Breki!" Sikuelewa kama ananiambia nifunge breki au zake zimekwisha. Kumbe ni zake. Aliiacha barabara akaingia mtaroni, unga ukamwagika, na mfupa wake wa mtulinga ukavunjika. Namshukuru Mungu kwamba aliangukia upande wa mlima badala ya upande wa bonde.

Mama aliposikia, aliifunga ile Black Mamba kwa mnyororo nyuma ya nyumba. Akasema, "Wewe mtoto, kutoka leo hiyo baiskeli ni chuma kikuukuu tu." Shida ni kwamba hiyo baiskeli ndiyo iliyokuwa ikinileta shule. Shule yetu ni ya kutwa, na kutoka kwetu Langas nauli ya kwenda na kurudi kila siku inakula hela ya karo. Muhula wa kwanza wote nilitembea kwa miguu. Nilichelewa mara nyingi, na walimu wa zamu wananijua.

Ndipo nikaenda kwa fundi wa baiskeli aliye karibu na soko. Ni mzee ambaye ameshika spana tangu kabla baba yangu hajaoa. Nikamwambia, "Mzee, nataka kujua ni nini kilimwangusha binamu yangu." Aliniangalia kwanza sketi, halafu uso. Akasema, "Leta baiskeli, tuiulize yenyewe." Nilimwomba mama ruhusa ya kuifungua mnyororo niipeleke kwa fundi tu. Alikubali kwa shingo upande. Mambo mengi nitakayokueleza hapa niliyapata kwa huyo mzee, Jumamosi baada ya Jumamosi, mikono ikiwa imejaa grisi.

Tuanze na kuchagua. Watu wengi hapa Eldoret wakisikia safari ndefu wanafikiria zile baiskeli nyembamba za mashindano, kama aliyopanda Chris Froome. Huyo, kwa wasiojua, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa na David Kinjah kule Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini Froome hakuwa amebeba unga! Nyuma yake kulikuwa na gari lenye fundi na magurudumu ya akiba. Wewe nyuma yako kuna lori la kwenda Malaba linapiga honi. Baiskeli ya msafiri yafaa iwe ngumu, iweze kubeba mzigo, na ikiharibika iweze kutengenezwa na fundi wa kijiji chochote utakachopitia. Mzee aliniambia hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo tazama fremu. Fremu ya chuma ni nzito, lakini ikipasuka mtu wa jua kali ataichomelea upate kuendelea na safari. Fremu ya alumini ni nyepesi, ila si kila mchomeleaji anaiweza, na akibahatisha ataiharibu zaidi. Halafu tazama ukubwa wa gurudumu. Black Mamba ina tairi za inchi 28, na zile za mlima tulizozoea, za gia, ni inchi 26. Saizi hizi mbili utazipata kwa urahisi. Ukinunua ya mtumba kutoka Ulaya yenye saizi ngeni, siku tairi litakapopasuka Biretwo utajua hujui.

Sasa ipi bora, Black Mamba au ya gia? Hapa mimi na binamu hatujawahi kukubaliana. Ya gia inapanda milima vizuri, na breki zake mara nyingi ni bora. Lakini ukipata ya bei rahisi, gia zenyewe huwa za bati, zinapinda mwezi wa kwanza, na cheni inaruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Heri Black Mamba nzima kuliko ya gia mbovu. Hata hivyo nikipata hela siku moja nitanunua ya gia, ila ya mtumba ya zamani yenye fremu ya chuma. Usimwambie baba. Yeye alibeba watu kwa hiyo Black Mamba miaka mingi, enzi za boda boda za baiskeli, kabla pikipiki hazijaingia kwa wingi kuanzia mwaka 2008 na kumwondoa barabarani. Jina lenyewe boda boda lilitoka Busia, mpakani, ambako baiskeli zilivusha watu kati ya Kenya na Uganda.

Baada ya kuchagua, baiskeli ipimwe kulingana na mwili wako. Simama ukiwa umepitisha mguu mmoja kila upande wa paipu ya juu, nyayo zikiwa chini. Paipu ikikugusa, hiyo ni kubwa kwako. Kuwe na nafasi ya vidole vitatu au vinne, maana siku ya kusimama ghafla ndiyo utakayojua faida yake. Wasichana wenzangu, mkipata ile yenye paipu iliyoshuka, chukueni na msione haya. Sketi haiwasumbui, na mzigo ukiwa nyuma ni rahisi kupanda na kushuka. Hakikisheni tu ina kava ya cheni. Sketi yangu ya kwanza ya shule iliisha kwa meno ya cheni, na mama aliishona mara tatu.

Urefu wa kiti ndio wengi wanakosea. Ukiketi, weka kisigino juu ya pedali ikiwa imefika chini kabisa. Mguu unyooke. Halafu ukirudisha sehemu ya mbele ya wayo kwenye pedali, ambayo ndiyo ya kukanyagia, goti litabaki limepinda kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatauma kabla hujafika Iten. Kikiwa juu sana, makalio yatacheza kushoto na kulia na utachubuka. Mimi nilikuwa nimeendesha miaka miwili kiti kikiwa chini ili miguu yote ifike ardhini, nikidhani mlima ndio mgumu. Mzee alipokiinua kama inchi mbili tu, niliona kama nimepewa miguu mingine.

Tuje kwenye meno. Black Mamba yetu ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma. Chukua 44 ugawanye kwa 18, unapata karibu 2.4. Maana yake ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na kidogo. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusukuma zaidi ya mita 5. Kwenye tambarare ya Uasin Gishu hiyo ni raha tupu. Kwenye mlima na mzigo, ni adhabu. Mzee alitoa ile friwili ya meno 18 akaweka ya meno 22. Sasa 44 kwa 22 ni 2 kamili, na kila mzunguko ni kama mita 4.4. Mwendo ukapungua, lakini mlima ukawa mwepesi. Cheni ilibidi iongezwe pingili mbili kwa sababu gurudumu la meno limekuwa kubwa. Hii ndiyo namna ya kupata gia ya mlima bila kununua baiskeli ya gia, na ni friwili moja tu. Nashangaa hesabu hii hatufundishwi darasani pale kwenye uwiano, badala ya yale matangi ya maji yanayojaa na kuvuja.

Mzigo sasa. Unga wetu tuliuweka juu ya keria, ukawa umesimama kama abiria. Vitu vizito vinapokuwa juu, baiskeli inayumba, na ikianza kuyumba kwenye mteremko huwezi kuituliza. Gawanya mzigo kwa mafungu mawili yenye uzito sawa, uyaning'inize huku na huku ya gurudumu la nyuma, chini iwezekanavyo, bila kugusa spoku. Mimi nilitumia magunia mawili madogo niliyoyashona pamoja kwa sindano ya gunia. Funga kwa blada, ile mipira inayokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu. Kamba ya sisali hulegea barabara ikitikisika, lakini blada inavuta na kubana. Ncha zote zifungwe, usiache mkia wa kuingia kwenye gurudumu.

Uzito mwingi hubebwa na gurudumu la nyuma. Ndiyo maana Black Mamba za kawaida zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kabla ya safari zipigepige kwa kucha kama nyuzi za gitaa. Spoku iliyolegea hulia kwa sauti nzito, au hailii kabisa. Moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake, nazo hukatika zikifuatana, na rimu inapinda kama chapati. Usijifanye fundi wa kukaza spoku siku ya kwanza. Mimi nilikaza, rimu ikawa nane, mzee akacheka mpaka akakohoa.

Nimefika kwa breki, na hapa naomba usome polepole hata kama umechoka. Black Mamba inafunga breki kwa vyuma virefu vinavyovuta raba mbili dhidi ya sehemu ya ndani ya rimu. Rimu ni ya chuma. Chuma kikilowa maji kinateleza, na raba inakuwa kama inasugua sabuni. Siku ile ya Desemba mambo manne yalikutana pamoja: rimu zilikuwa zimelowa, raba zilikuwa zimekwisha hadi karibu na chuma kinachozishika, nati ya chuma kinachovuta breki ya nyuma ilikuwa imelegea, na juu yake kulikuwa na ule mzigo wa unga. Mzee alipoona ile nati aliizungusha kwa vidole tu, bila spana. Hakusema kitu. Akanionyesha tu, halafu akanipa nishike. Mpaka leo naikumbuka ilivyokuwa laini kuzunguka.

Kumbuka kwamba daraja la mto Kerio liko chini ya Iten kwa zaidi ya kilomita moja ukipima wima. Nguvu yote hiyo ya kushuka lazima imezwe na vipande vidogo vya raba. Kwa hiyo nunua raba mpya kabla ya safari, na ubebe jozi ya akiba. Kaza kila nati ya breki. Jaribu breki moja moja, sio zote pamoja, maana nzuri huficha mbovu. Sukuma baiskeli mbele huku umefunga breki ya mbele, gurudumu la nyuma liinuke. Funga ya nyuma, gurudumu liburuzike. Barabarani usingoje mwendo ukolee ndipo ufunge. Punguza mapema, achilia kidogo, funga tena. Simama kila baada ya kilomita kadhaa, uguse rimu kwa tahadhari; ikiwa moto, pumzika. Mvua ikinyesha, shuka utembee. Ndiyo, tembea. Watu watakucheka kutoka kwenye matatu, lakini wanaocheka hawatakuja kukutazama wodini. Binamu alikaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa shingoni.

Utunzaji hauna siri kubwa. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na kitambaa, ikauke, halafu uipake oili kidogo na kupangusa inayobaki nje. Oili nyingi hushika vumbi, na vumbi likichanganyika na oili linakuwa kama msasa unaotafuna meno. Usitumie mafuta ya kupikia, najua wapo wanaofanya hivyo. Kujua kama cheni imechoka, chukua rula ya inchi 12. Cheni mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, itupe kabla haijaharibu friwili.

Tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, gololi za ndani zinahitaji kukazwa au grisi mpya. Ukikanyaga ukasikia "ko, ko" kila mzunguko, tazama ile pini inayoshika mkono wa pedali. Ikilegea itaula mkono wenyewe, na hapo gharama ni kubwa. Jambo lingine lililonishangaza: pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa kinyume. Nilihangaika nayo nusu saa nikidhani imeshika kutu, kumbe nilikuwa naikaza.

Tairi lijazwe upepo wa kutosha, hasa la nyuma. Tairi laini likigonga jiwe, rimu inabana tyubu na kuitoboa mahali pawili, kama meno ya nyoka. Kwenye Black Mamba valvu ina kimpira kidogo ndani. Hicho kikizeeka, upepo unatoka polepole na utatafuta tundu kwenye tyubu mpaka uchoke. Beba vimpira viwili vitatu, havina bei. Kwenye mfuko wangu huwa kuna pampu, tyubu moja, viraka, solusheni, kipande cha msasa, spana mbili, waya kidogo na blada. Tundu likipatikana, sugua kwa msasa, paka solusheni, halafu NGOJA ikauke kabla ya kubandika kiraka. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kisha wanalaumu solusheni.

Jumamosi moja mwezi wa Julai mama alikuja mwenyewe kwa fundi. Hakuniambia kwamba angekuja. Alinikuta nimeigeuza baiskeli juu chini, naweka raba za breki. Akamwuliza mzee, "Huyu anajua anachofanya?" Mzee akamjibu, "Mama, mwambie akueleze." Nikaeleza, kuanzia kwa nati mpaka kwa rimu. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akashika breki ya mbele, akaisukuma baiskeli kwa nguvu zake zote. Haikusonga. Akafanya hivyo hivyo na ya nyuma. Akaondoka bila kusema ndiyo wala la, lakini Jumatatu niliyoifuata nilikuja shule kwa baiskeli na hakuna aliyeniuliza.

Likizo ya Agosti tulikwenda tena Kabarnet, mimi na binamu. Yeye ndiye aliyekuwa na woga, si mimi. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza, na mteremko wa Tambach tuliushuka kwa saa nyingi kuliko wakimbiaji wa Iten wanavyoweza kuupanda, nadhani. Tulisimama mara tisa. Kwenye kona ile binamu alishuka, akatembea hadi alipoipita. Pale Cheploch, kwenye korongo la mto Kerio, tulikuta vijana wakijirusha majini kutoka juu ya miamba, wakatuita tujaribu. Tukasema tumetosheka na kushuka. Ule mlima wa kupanda hadi Kabarnet tuliupanda nusu kwa pedali na nusu kwa kusukuma, hata na yale meno 22. Joto la bondeni si kama la huku kwetu. Chupa zetu mbili za maji zilikwisha kabla hatujafika nusu ya mlima, basi wewe beba nne.

Kogo alitupokea kwa mursik. Akaizunguka baiskeli, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi, akauliza, "Na kurudi je?"

Msomaji, sitakudanganya. Kurudi tuliweka baiskeli juu ya matatu. Kondakta alitoza kila baiskeli nauli ya mtu mzima, na binamu alibishana naye hadi Iten. Hapo tulizishusha, nikakaza nati ya kiti iliyokuwa imelegea kwa kutikiswa, tukaendesha zile kilomita zilizobaki hadi nyumbani.

(Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.)